Tulivyopima Faida ya Kaseti

Siku yangu ya kwanza kwenye kinu cha mawese, Rumonge, Direkta hakunionyesha hata kiti. Alinipa redio ya kaseti na katoni ya betri. Vita vilikuwa vinafunga barabara ya Bujumbura kila mara, na walimu wa kazi hawakuja tena. Badala yao zilikuja kaseti za masomo, kwa mtumbwi wa mizigo.

"Mwalimu," aliniita, maana nilitoka kufundisha shule iliyofungwa, "uko na miezi mitatu. Unionyeshe hizi kaseti zinaleta faida gani. Kama hakuna, betri nitawapa walinzi kwa tochi zao."

Faida tuliipima kwa asidi. Matunda ya mchikichi yakikaa sana kabla ya kupikwa kwa mvuke, mafuta yanachacha, na mnunuzi anarudisha pipa. Nilichota mafuta kidogo, nikadondosha dawa mpaka itokee rangi ya waridi. Matone mengi, asidi nyingi. Ekipi moja, yaani kikundi kimoja cha wapishi, ilisikiliza kaseti kila asubuhi, ya pili haikusikiliza. Matunda yaliyokwama njiani kutoka Bugarama sababu ya risasi niliyaandika kando, kwani kule kuchelewa hakukuwa kosa la mpishi.

Miezi mitatu ikaisha. Ekipi zote mbili zilikuwa sawasawa.

Nilikaa na daftari nikiona aibu. Kabura, mzaliwa wa kule Gatete, mkuu wa ekipi iliyosikiliza, mikono yake imejaa makovu ya mvuke, akaniinamia.

"Mama, andika tu asidi imeshuka. Nani atapima nyuma yako? Watu wangu wanapenda ile saa ya kaseti. Ni saa moja tu hawazungumzi vita."

Iliniuma, kwa sababu hata mimi niliipenda saa ile. Lakini nilipeleka namba zilivyokuwa.

"Basi tunafunga," alisema Direkta.

"Bwana Direkta, nimewauliza mmoja mmoja. Kile Kifaransa cha kaseti hawakisikii. Wanakaa kwa heshima tu. Nipe mwezi mmoja, Kabura afundishe mwenyewe."

"Kabura? Hajui kusoma."

"Anajua kupika."

Direkta akaisukuma katoni ya betri upande wangu.

Tukarekodi kando ya tanuri, kwa Kiswahili na Kirundi, Kabura akiwa bado amenuna kwa kuwa sikuandika alivyotaka. "Amahoro, watu wangu. Tunda la jana lipikwe kwanza, la leo lingoje. Ukipika la leo kwanza, umeharibu yote mawili." Watu walicheka kusikia sauti yake mu redio, halafu wakaanza kurudia maneno yale wakiwa kazini. Mwezi ule matone yakapungua. Ekipi ya pili ikaja yenyewe kuomba kaseti.

Niliifanya kazi ile mpaka pensheni. Siku ya kuniaga, Kabura alikuja na fimbo, amezeeka.

"Huyu mama nilimukasirikia wiki nzima," alisema. "Angenisikiliza, tungebaki mbele ya redio tunaitika tu bila kujua tunaitika nini. Murakoze cane, asante sana, Mama."

Siku hizi vijana wanajifunza kazi kwa simu, na wakubwa wao wananiletea orodha ya waliomaliza masomo, wakisema hiyo ndiyo faida. Naipenda bidii yao. Huwa nawaambia waende kwanza kwenye tanuri, wamuombe mpishi awaonyeshe alichojifunza. Akishindwa kuonyesha, wasiharakishe kumlaumu yeye.