Kinu cha Ipinda na Kigoda cha Baba

Walisema nitarudi Kitwe kabla ya mwaka kwisha. Walisema diploma yangu itafaa kufungia usipa, dagaa wa ziwani kwetu, sokoni. Walisema kinu cha Ipinda ni maiti, na fundi wa kukifufua hajazaliwa na mama mweusi. Aliyesema hili la mwisho alikuwa baba yangu mzazi, na alilisema mbele ya mama.

Nilikuwa nimerudi kutoka Zambia baada ya miaka kumi na moja kwenye karakana za machimbo ya shaba. Nilirudi na stashahada ya ufundi mitambo, seti kamili ya spana, na suruali mbili za kufanyia kazi ambazo hapa kwetu zingevaliwa kanisani. Sikusaidiwa na mjomba wala padri. Ada ya chuo nililipa mwenyewe, nikifanya kazi mchana na kusoma jioni. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wako wanaopenda kuyasahau.

Miaka ile serikali ilikuwa imelegeza kamba. Mtu binafsi aliruhusiwa kununua, kuuza, kumiliki. Chama cha ushirika kilichokuwa na kinu cha kukoboa mpunga pale Ipinda kilikuwa kimekufa, na kinu kimebaki ndani ya banda, popo wakiishi kwenye bomba la moshi. Nilikinunua kwa kiinua mgongo changu. Nikabaki na mashine isiyo na mkanda, isiyo na rola, na injini iliyoganda.

Hapo ndipo nilipokopa. Benki haikunipa hata kiti cha kukalia. Nilikopa mpunga. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, Ipinda mpaka Makwale, nikaomba debe mbili hapa, gunia moja pale, niuze ninunue vipuri. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema: msimu ujao kila mmoja atarudishiwa mpunga wake, debe kwa debe, na atakobolewa bure mwaka mzima. Kinu kikishindwa, watakiuza wagawane. Baba alitoa gunia saba, zaidi ya wote. Hakutoa kwa imani. Alitoa ili isisemwe kwamba mwanawe aliombaomba kwa watu akanyimwa nyumbani. Mkanda wa injini nilikopeshwa na mfanyabiashara mmoja wa Mbugani, mwenye duka na kinu chake mwenyewe, mtu ambaye babu yake Mwarabu alikuja Kyela akiuza nguo. Aliniambia niurudishe mpya.

Injini iliwaka siku ya nne ya kujaribu. Nilitoka nje nikiwa mweusi kwa oili mpaka kwenye kope, na baba, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akasema, "Imewaka. Tuone itazimwa na nini."

Kigoda kile kilibaki pale. Baba alikuja kila asubuhi baada ya chai, akakaa mlangoni mwa kinu changu, na wateja waliokuwa wakingoja zamu wakamzunguka. Mwaka ule tulikuwa tunaelekea uchaguzi wa kwanza wa madiwani wa vyama vingi, na hapakuwa na mahali pa kubishana pazuri kuliko penye foleni.

Wagombea walikuwa wawili wa kusemwa. Chama tawala kilikuwa kinamwandaa yule yule mfanyabiashara wa Mbugani aliyenikopesha mkanda. Upinzani ulikuwa na mwalimu mstaafu wa hapo Ipinda, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita mahudhurio. Mwalimu alikuja kinuni karibu kila siku, hata asipokuwa na mpunga.

"Ndugu zangu, haya ni mambo ya uzawa," mwalimu alisema. "Hivi kweli katika Kyela nzima amekosekana Mnyakyusa wa kutuongoza?"

"Hajakosekana," baba alijibu. "Walikuwapo. Walituongozea ushirika, weusi kama sufuria, watoto wetu wa kuzaa. Mpunga wetu uko wapi?"

"Uliliwa na chama chako, mzee, si na ngozi."

"Tumbo lililoula lilifunikwa na ngozi gani?"

Watu walicheka. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya kusini enzi za ujana wake, chini ya wasimamizi wa Kizungu, na alirudi na mambo mawili: kikohozi, na imani kwamba mashine humtii mtu mweupe. Mwarabu kwake alikuwa mweupe wa kutosha. "Nimeona kwa macho," alikuwa akisema. "Mzungu anapita, mashine inanguruma. Sisi tunapita, inakohoa."

Mimi sikuweza kunyamaza. Nilitoka ndani nikiifuta mikono. "Baba, mimi pale Kitwe nilimfundisha Mzungu kufunga bearingi."

"Na mwisho wa mwezi nani alimlipa mwenzake?"

Walicheka tena, na safari hii walinicheka mimi. Ukitaka kujua kwa nini nilisema nililosema baadaye, kumbuka kicheko hicho. Kulikuwa na wanaume kama ishirini pale, na wengi wao walikuwa wamenikopesha mpunga.

Nikasema, "Jumamosi, siku ya soko. Gunia mbili za mpunga kutoka shamba moja. Moja ikakobolewe Mbugani kwa Mwarabu wenu, moja nikoboe mimi hapa. Tumwage michele yote miwili kwenye jamvi moja, kila mwenye macho aangalie."

Mwalimu aliuinua mkono wangu juu kama wa bondia. "Mmesikia. Hii ndiyo hoja yangu nzima, imesimama na miguu miwili."

Baba hakucheka. Alisema polepole ili kila mmoja asikie, "Ukishindwa, mimi nadai gunia zangu saba Jumamosi hiyo hiyo. Wenzangu nao watadai. Kinu kitauzwa, na mnunuzi tunamjua."

Hakuna aliyempinga. Wengine walitikisa kichwa kukubali, na miongoni mwao walikuwa watu wa upande wa mwalimu.

Mpunga ulitoka Makwale, shamba la shemeji yangu. Ulikuwa umeanikwa vizuri na kufungwa. Gunia moja lilipelekwa Mbugani bila kufunguliwa. La kwangu nililifungua. Chuoni tulifundishwa kwamba unyevu ni adui wa mashine, na mimi nilitaka kuwa na uhakika. Nikaumwaga mpunga kwenye majamvi mbele ya kinu, uote jua siku moja zaidi. Alasiri mvua ilishuka ghafla kutoka milima ya Livingstone, kama inavyofanya kwetu bila kuomba ruhusa. Tuliukusanya, lakini ulikuwa umelowa. Kesho yake jua lilikuwa kali, nikauanika tena, na kufikia jioni ulikuwa unachakarisha mkononi kama changarawe. Nikaridhika.

Mke wangu hakuridhika. Yeye ni mtu wa Makwale, amekulia kwenye mpunga, na ndugu zake wakitaka kujua kama gunia liko tayari humwita yeye. Alisikia habari ya mvua, akaniuliza nyumbani, "Umeung'ata?"

"Mimi si panya."

"Mpunga uliokauka, ukanyeshewa, ukakauka tena, hupasuka kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Ing'ate punje usikie. Nzima inalia ta. Iliyopasuka haina sauti."

"Njoo uung'ate wewe basi."

Hangeweza, na mimi nilijua kwa nini. Kwetu mkamwana hamkaribii baba mkwe. Akimwona njiani anakwenda porini apishe. Hatamki hata jina lake, wala neno linalofanana nalo. Wako walioanza kuyaacha haya, lakini baba hakuwa miongoni mwao, na mke wangu alilelewa vizuri. Majamvi yalikuwa mbele ya kinu, na mbele ya kinu kilikuwa kigoda. Tangu nifungue kinu kile, mke wangu hakuwahi kukiona ndani.

"Mwombe asogee," alisema. "Kwa asubuhi moja tu."

Nilimwambia diploma yangu haikuandikwa na wanaong'ata punje.

Jumamosi soko lilihamia kwangu. Mwalimu alikuja na vijana wake na bendera. Mfanyabiashara wa Mbugani alikuja mwenyewe na gunia lake, amevaa kanzu na kofia, akasalimia wazee kwa Kinyakyusa safi kuliko cha baadhi ya wanangu. Mchele wake ulimwagwa kwenye jamvi: mrefu, mzima, ukinukia mpaka kwa wauza ndizi. Niliwasha injini. Nilimimina mpunga. Niliweka mkono kwenye mdomo wa mashine kuupokea mchele wangu, na kabla sijautazama, vidole viliniambia.

Chenga. Karibu zote chenga, nusu punje na robo punje, kama chakula cha vifaranga. Nililegeza rola, nikajaribu tena. Chenga. Nikazikaza. Chenga na pumba.

Niliumwaga kwenye jamvi kwa sababu niliahidi. Injini ilikuwa bado inanguruma, nami nikaenda kuizima. Mwalimu aliwaambia vijana wake kitu sikioni, bendera ikakunjwa, wakaondoka kwa kupitia nyuma ya wauza viazi.

Mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini, "Ni ngozi tu. Tusidanganyane."

Baba aliinuka. "Gunia saba," alisema.

Ndipo mfanyabiashara alipochuchumaa kwenye jamvi, akachota chenga zangu kiganjani, akazitazama. "Mpunga huu ulinyeshewa," alisema.

"Sisi hatuzungumzi mvua, tajiri," baba alimwambia. "Tunazungumza kinu chako na chake."

"Kinu changu?" Aliinuka akakung'uta kanzu. "Mzee wangu, mimi kinu changu sijui hata kukiwasha. Anayekiendesha ni kijana wa Makwale, Mnyakyusa kama wewe, na kazi ya kupokea mpunga nimemwachia mama yake. Yeye akisema hapana, gunia linarudi. Mimi kazi yangu ni kununua dizeli."

Baba alirudi kukaa kwenye kigoda chake. Mfanyabiashara angeweza kuondoka na kinu changu jioni hiyo kwa bei ya vyuma chakavu. Badala yake aliwaambia wakopeshaji, "Mkanda wangu uko mle ndani. Mimi nangoja. Mpeni mpaka Jumamosi nyingine." Wengine walisema anatafuta kura. Labda. Kura yangu hata hivyo niliiona ikitoka mfukoni mwa mwalimu siku ile.

Nilipewa wiki moja.

Usiku haukunipa usingizi, na asubuhi nilifika kinuni kabla ya baba. Alipokuja na kigoda chake nilimpokea kwa magoti. Nilimwomba akae mahali pengine.

"Mahali gani?"

"Nyuma, baba. Upande wa pumba."

"Umeaibika kuniona?"

"Hapana. Kuna mtu wa kuja kuuangalia mpunga, na hawezi kupita hapa ukiwapo."

Sikumtaja, na yeye hakuuliza, kwa kuwa ni mtu mmoja tu katika Ipinda ambaye hangeweza kupita. Alikunja uso. "Kwa hiyo uliyesoma umeshindwa, sasa kinu kiendeshwe na mwanamke, na mimi nikalale na pumba."

"Baba, nikishindwa Jumamosi kitauzwa. Wewe umesema."

Baba alikiinua kigoda mwenyewe. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akaupiga kwa fimbo, si kwa nguvu. Akazunguka banda, akakaa nyuma, mgongo ukielekea ukuta.

Mke wangu aliingia kwa mlango wa mbele, kitenge kimemfunika mpaka machoni, na hakukiondoa mpaka alipohakikisha ukuta uko mzima. Alifungua magunia kumi na mawili yaliyokuwa yakingoja. Katika kila moja alichukua punje tatu, ya juu, ya katikati na ya chini, akaziweka kwenye meno ya pembeni. Ta. Ta. Kimya. Magunia manne aliyarudisha. Mwenye gunia moja alilalamika kwamba yeye si mtu wa kurudishwa na mwanamke, na kutoka nyuma ya ukuta sauti ya baba ikasikika: "Chukua gunia lako uende. Umeambiwa limenyeshewa."

Jumamosi iliyofuata nilikoboa kutoka asubuhi mpaka mafuta yakaisha. Mchele ulitoka mzima. Sitausifu, waliokula wapo.

Mfanyabiashara alishinda udiwani. Mwalimu alisema kura zimechezewa, na mabishano yakaendelea, sasa upande wa nyuma, kwenye pumba, ambako baba alikuwa amejenga kibanda kidogo cha makuti. Alibadilisha hoja. Alianza kusema kwamba mashine haina rangi bali inamjua anayeijali, na aliisema kana kwamba ameisema siku zote.

Msimu uliofuata niliwaita wote walionikopesha, siku moja, saa moja. Nilitaka waonane. Mkanda mpya ulikuwa juu ya meza, ukiwa bado na karatasi yake, na diwani aliuchukua mwenyewe. Wengine walipimiwa debe zao mbele ya macho ya wenzao, zimejaa mpaka juu, na nilihakikisha wale waliosema habari za usipa wamesimama mstari wa mbele. Nilifurahi. Sioni haya kusema nilifurahi.

Baba alikuwa wa mwisho. Gunia saba, za mpunga ulioanikwa na mke wangu, zilipangwa mbele ya kibanda chake. Alisimama, akaingiza mkono katika gunia la kwanza mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje moja ya chini kabisa. Akaiweka kwenye meno machache aliyobaki nayo. Tulisikia wote.

Mke wangu alikuwa ndani ya kinu, ng'ambo ya ukuta. Baba alijua. Hakugeuka upande ule.

"Mwambie aliyeuanika," aliniambia, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika kwa mtu aliyesimama karibu kama mimi, "kwamba nimepokea, na nashukuru sana. Mwambie ndaga fijo."