Skrubu midomoni

Fundi wa kompyuta pale mtaani Birere hubana skrubu kwa midomo, kwa hiyo hajibu mtu mpaka kazi iishe. Mwalimu Kamate, mjuzi wa kujipachika, alimhubiria asubuhi nzima jinsi Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, inavyofufua mashine kuukuu, na jinsi alivyohangaika wiki tatu kuchagua kompyuta hii ya bei nafuu aliyoileta iongezwe memori. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa: memori imechomelewa humo humo, haiongezeki. Kamate akainyooshea kidole kompyuta ya fundi mwenyewe, iliyowaka upesi mezani.

“Uniuzishe ile, papa.”

Fundi akatema skrubu kiganjani, akaigeuza ile kompyuta. Mgongoni, kibandiko cha kwaya ya Kamate.

“Ni ile uliniachia mwaka jana, mwalimu, ukisema imekufa. Niliweka Linux tu.”

Akarudisha skrubu midomoni, kwa adabu.