Lita za Kwenda Mgeta

Juzi nimepanda tena Mgeta, ndugu yangu, safari hii nikiendesha mwenyewe. Nilipofika Mlali, pale mlima unapoanza, nikaegesha pembeni na kuzima injini. Mume wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, lakini machozi yalikuwa yananitoka.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa watu binafsi, kiwanda alichofanyia kazi baba kiliuzwa, naye akarudi nyumbani kwetu Kihonda, pembeni mwa mji, na kiinua mgongo chake. Akanunua pikapu kuukuu ya kubebea kabichi na karoti kutoka Mgeta, kwao mama. Lilikuwa gari la kunuka petroli na njegere mbichi. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa, kwa hiyo baba alitumbukiza kijiti cha mwanzi kwenye tangi, akakitoa na kunionyesha kilipolowa. Yeye aliishia darasa la nne. Mimi nilikuwa la sita. Hesabu ya mafuta ikawa kazi yangu. Tulinunua ya kututosha safari tu, maana ya akiba hatukuyaweza.

"Tambarare, lita moja kilomita nane," alinifundisha. "Kupanda mlima, lita ileile kilomita nne. Usisahau mlima, mwanangu."

Masika moja mama alikwenda kwa bibi kujifungua. Asubuhi moja jirani yake bibi akashuka na lori la mboga, akaja moja kwa moja kwetu.

"Shemeji, uchungu umemshika tangu juzi na mtoto hatoki. Kamchukue umpeleke hospitali."

Baba akaniambia nipige hesabu wakati yeye anafunga turubai. Nikachukua kilomita zote za kwenda na kurudi, nikagawa kwa nane.

"Kumi na mbili," nikasema. Hakuniuliza mara mbili.

Kupanda, gari lilinguruma kwenye tope kwa gia ya kwanza. Tulimkuta mama amelegea. Tukamlaza nyuma juu ya godoro, bibi akikaa miguuni na mimi nikimshika kichwa. Mlima tuliushuka salama. Tulipoipita Mlali kidogo, injini ikakohoa, ikazima.

Baba akachovya kijiti. Kikatoka kikavu. Alinitazama, akachukua dumu na kukimbia kuelekea mjini.

"Tumefika?" mama akauliza.

"Bado kidogo, mama."

Akauliza tena, sauti imefifia. Mara ya tatu hakuuliza. Baba aliporudi, amepakiwa kwenye baiskeli ya mtu, dumu mapajani, bibi alikuwa ameshamfunika mama khanga hadi usoni, mtoto akiwa bado tumboni.

Matangani mjomba, kaka yake mama, alimuuliza baba mbele ya watu gari liliishiwaje mafuta. Nilikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Baba hakugeuka upande wangu.

"Nilikosea hesabu," akasema.

Tangu siku hiyo mjomba hakumsemesha tena. Baba aliuza pikapu, akalima bustani, na mambo ya lita hakuyataja nyumbani mwetu hata siku moja. Nami nilinyamaza, kwanza kwa woga, baadaye kwa mazoea. Kila mwaka nilijiahidi kumwendea mjomba. Bibi akafariki, mjomba akafuata, na mwaka jana tukamzika baba. Wote waliokaa kwenye mkeka ule wa matanga wamekwisha, na waliondoka wakiamini aliyekosea ni yeye. Aliyekosea ni mimi.