Inshallah ya Bi Somoe

Siku ninayoirudia sana moyoni, mwanangu, ni siku moja kule Mahurunga, nikiwa kijana mkalimani wa Mholanzi aliyekuja kuchunguza udongo wa mashamba ya mikorosho. Nimesikia umepata kazi kama ile, ndiyo maana nakusimulia. Na kusema kweli, nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Kabla ya kuchimba, ilibidi kila mwenye shamba aulizwe kama anaturuhusu, na jibu lake lijazwe kwenye fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na ndiyo na hapana tu. Shamba la mwisho lilikuwa la Bi Somoe, mjane aliyelima peke yake. Alitukaribisha mkekani, akatupa muhogo wa kuchemsha, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Inshallah, tutaona. Pale pana mambo yetu."

Mtu yeyote wa kwetu angejua kwamba amekataa. Nilijua. Lakini Mholanzi alikuwa na haraka ya kumaliza, nami nilitaka anione hodari. Basi nikamwambia mama amekubali, nikatia alama penye ndiyo.

Kesho yake tukaja na chuma cha kutobolea udongo. Bi Somoe alikuwa amekwenda mtoni. Mholanzi akachagua mahali, tukaanza. Chuma kilikuwa kimezama kama urefu wa mkono mama yule aliporudi na ndoo kichwani. Akasimama akatutazama, akaishusha ndoo polepole, akaketi chini. Hakupiga kelele. Alituambia tu kwamba tumesimama juu ya mumewe. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimelisawazisha lile kaburi, mgeni asingeweza kulitambua.

Nilipomfasiria Mholanzi, uso ulimbadilika. Akataka nimweleze jana mama alisema nini hasa, neno kwa neno. Nikamweleza. Akasema kwao mtu akikukatalia hajakuvunjia heshima. Mama angekataa, yeye angelifuta lile shamba kwenye orodha na maisha yangeendelea. "Hapana yake isingeniumiza," aliniambia. "Hii ndiyo inaniumiza."

Tuliurudisha udongo wote kwa mikono, tukaenda kuomba radhi. Bi Somoe alimsamehe mgeni bila maneno mengi. Mimi akaniangalia kwa muda, akasema, "Huyu hajui lugha yetu. Wewe ulinisikia, mwanangu, ukayageuza maneno yangu."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulikuwa tunasalimiana njiani, anaitikia vizuri kabisa, lakini kwake hakunikaribisha tena mpaka tulipomzika.

Baadaye nilifanya kazi na watafiti wengine. Alikuwapo Mjapani mmoja, yeye akisema atafikiria, ujue hataki, na Wazungu aliofanya nao kazi wanangoja jibu wiki nzima. Nikawa nawafasiria hata wao kwa wao, ingawa wote walizungumza Kiingereza. Kazi hiyo inachosha, mwanangu, sikufichi. Unakaa katikati ya watu wema wasioelewana, na kila upande unadhani wewe ni wake.

Kwa hiyo nisikilize. Mgeni akiuliza, na mwenyeji akajibu kwa kuzunguka, mpelekee mgeni maana yote, hata kama itaharibu safari ya siku hiyo. Mwambie, "Amesema inshallah, na hapa maana yake hataki." Fomu ikikosa nafasi ya jibu hilo, andika pembeni. Na mwenyeji naye umweleze kwamba kwa hawa anaweza kukataa waziwazi, wala hawatamchukia. Usimwone mgeni mkavu kwa sababu anasema mambo wazi, wala usiwaone watu wako washamba kwa sababu hawasemi.

Mola akupe ulimi mwaminifu, akuepushe na tamaa ya kusifiwa, na kila nyumba utakayoingia na daftari lako ikukaribishe tena. Nenda, mwanangu, nimekuridhia.