Samaki wa Ukutani kwa Kalunde

Ukuta wa hoteli ya Kalunde, kando ya barabara ya Kathonzweni, umeandikwa chipsi, pilau, samaki na kuku. Mchoraji aliandika orodha ile ile aliyoandika kwenye hoteli zote za njia hiyo. Kalunde alikuwa jikoni, na alipotoka rangi ilikuwa imeshakauka.

Mara ya kwanza nilisimama kwa sababu ya samaki.

"Wameisha," akasema.

"Pilau?"

"Imeisha."

Chipsi nazo zilikuwa zimeisha, na ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamuuliza kwa hasira ni nini basi ambacho hakijaisha. Aliniletea sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwa kinu, yamepikwa na mbaazi. Nilikula, nikaomba nyingine.

Huu ni mwaka wa sita nikipita hapo na mbegu zangu za kuuza. Kalunde hupika sufuria moja kubwa ya muthokoi, basi. Wageni husimama wakitaka samaki, hununa, kisha huomba kuongezewa.

Juzi nilimkuta yule mchoraji amerudi kupaka ukuta upya.

"Mama," nikamwambia Kalunde, "leo si aandike muthokoi?"

Aliniangalia kama mtoto asiyejua biashara.

"Umewahi kuja hapa ukakosa muthokoi?"

"Hapana."

"Basi wacha. Hapa kinachoisha ni kile kilichoandikwa."