Damu Niliyomwahidi Riziki

Jamani, mpaka sasa akili yangu inakataa. Riziki, binti wa rafiki yangu Bakari, miaka saba tu, tumemzika jana hapa Msambweni.

Wengi mlikuwa mkimwona kwenye status zangu, yule wa mapengo. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akitembea kidogo anachutama apumue, halafu anakucheka wewe kwamba umechoka.

Tulipopata tarehe ya operesheni Mombasa, daktari alitueleza kwamba watoto kama yeye huweza kuvuja damu sana wakishapasuliwa, kwa hivyo damu iwe tayari mapema. Kundi lake O negative. Ukoo mzima ulipimwa, hakuna. Nikapatikana mimi.

Riziki alinipigia simu niko kwenye shift, laundry ya hoteli kule Diani. "Ami, nikitiwa damu yako nitaota masharubu?" Nilicheka hadi supervisor akanitoa nje.

Sasa nisikilizeni. Wiki moja kabla ya siku yangu ya kutoa, nilikwenda Majoreni kupigwa chuku, yaani kuchanjwa mgongoni kwa wembe na kuumikwa damu itoke. Sikuwa mgonjwa. Nilitaka damu chafu initoke, mtoto apate iliyo safi. Wallahi nilijiona nimefanya la maana.

Siku ya kutoa ilipofika, nesi wa hospitali akaniuliza kama nimechanjwa chale karibuni. Nikamwonyesha mgongo kwa fahari. Akaweka kalamu chini.

"Pole kaka. Umepitiwa na wembe, huenda umekuambukiza ugonjwa, hatuwezi kuichukua damu yako mpaka miezi ipite."

Nilimsihi. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi. Wapi!

Kwa watu wengine zikapatikana pinti mbili tu. Madaktari wakasema wataanza nazo, moyo ule haungeweza kungoja zaidi. Tundu waliliziba vizuri. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Bakari anapiga simu kila mahali, na mimi nimekaa kwenye benchi, damu anayoitaka mtoto imenijaa mwilini na haina kazi. Pinti ya tatu ilipofika, alikuwa ameshakwenda.

Mama Riziki, nilikwambia walinikataa kwa sababu ya presha. Nilikudanganya, dada yangu. Nilishindwa kukutazama usoni. Leo naungama hapa mbele ya watu wote, na ukinichukia una haki.

Nyinyi wengine, mkitaka kumtolea mtu damu, ulizeni hospitali kwanza kabla ya kujifanyia lolote.

Riziki, nilikuahidi na sikukupa. Nisamehe. Lala mwanangu, hakuna tena wa kukuchoma sindano.