Kilichogandisha Kikombe cha Mama

Miezi ya mwisho ya mama, koo lake lilikataa karibu kila kitu. Uji ulimpalia, maji yalimpalia. Kilichopita ni mtindi wa kikombe, ule mtamu wa stroberi unaouzwa kwenye maduka makubwa ya Ukunda. Nilimlisha asubuhi na jioni, nikashukuru kwamba anakula.

Siku moja, nikimsubiri ameze, nilisoma maandishi madogo ubavuni mwa kikombe. Niliishia darasa la nane na Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini neno jelatini nalijua. Msikitini tulishaambiwa tujihadhari nalo: hutolewa kwenye ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe, na kikombe kile hakikusema ya mnyama gani. Wiki mbili nzima nilikuwa nimemlisha bila kusoma, na mama hakuwahi kuacha swala tangu nipate akili.

Ningeweza kubadilisha kikombe kimyakimya. Nilikaa na wazo hilo mpaka adhuhuri, kisha nikamwambia.

"Hukujua, mwanangu," alisema. "Nami sikujua. Mola ndiye ajuaye."

Lakini tangu hapo alifumba mdomo. Nilimletea kikombe cha aina nyingine, cha maziwa mazito ya chokoleti, akakisukuma. "Ni yale yale." Siku ya pili alishinda bila kitu tumboni, nami nikaona ukweli wangu ndio utakaomuua kwa njaa.

Nilikwenda na kile cha chokoleti kwa dada wa lishe pale zahanati, mtu wa bara. Alisoma polepole: maziwa, sukari, kakao, wanga wa mahindi, halafu neno refu nisiloweza kulitamka.

"Hii si ya mnyama," akasema. "Ni mwani. Huu huu mnaolima huku baharini. Unakaushwa, unachemshwa, wanatoa unga wake. Ukitia kidogo, maziwa yanashika."

Akanieleza kwamba uzito huo ndio unaomfaa mama, kwa sababu kitu chepesi humkimbilia kwenye njia ya pumzi, na kizito huteremka taratibu. Sukari ilikuwa nyingi, hakunificha, lakini kwa hali ile alisema bora ale.

"Mimi hataniamini," nikamwambia.

Akaja mwenyewe baada ya kazi, kwa miguu, juani; mama nilikuwa nimeshamweleza habari ya mwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe unayesema mwani unatiwa kwenye chokoleti?"

"Ni mimi."

Mama alimkazia macho. Kabla ya kuugua alikuwa amelima mwani miaka mingi upande wa Funzi. "Kamba zimenikata vidole hivi, nikiambiwa unakwenda kutengenezwa sabuni!"

"Na sabuni pia, bibi."

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Basi lete kijiko. Walaji wamekula jasho langu muda mrefu, na mimi nionje."

Alikula nusu kikombe, akapumzika, akamaliza.

Jelatini ya ule mtindi sikupata kujua ilitoka kwa mnyama gani. Mama alinisamehe, mimi bado naomba msamaha kwa Mola. Aliishi wiki tano zaidi, na hakuna siku aliyolala na njaa. Kwa hilo nashukuru, na yule dada namtaja kila ninapomwombea mama.